Kikohozi cha Mtunzi

Asubuhi hiyo nilitoka Albert Park, mtaa wetu sisi wageni mjini Durban, na begi moja, bila kujua naelekea wapi. Nilichojua ni kwamba sikutaka nikutwe chumbani kama mzee niliyemfanyia kazi angekuja kunitafuta. Aliwahi kunirudisha kwa gari lake siku ya mvua, na mimi kwa maringo yangu nikamwonyesha mpaka dirisha letu.

Mkongomani niliyekuwa naishi naye, fundi wa simu, alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaliangalia begi.

"Kaka, unakimbia mwanamke ao polisi?"

Nikamwambia naenda kutembea tu.

"Na blanketi? Eish. Wewe unatembeaka na nyumba sawa konokono."

Nilicheka naye, nikashuka ngazi. Sikumwambia kitu, ingawa kosa langu lilianzia mezani kwake.

Mzee mwenyewe alikuwa Mhindi wa Westville, upande wa wenye nyumba kubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane, anaishi peke yake katika nyumba yenye vyumba vingi mno. Nilianza kwake kwa kukata majani kila Ijumaa. Wiki ya pili nilisikia sauti ikitoka dirishani, mwanamke anaimba kwa mbali kana kwamba yuko ndani ya pipa, na nyuma yake mkwaruzo kama mafuta yanayokaanga. Nikazima mashine, nikaenda kugonga kuuliza ni nini hicho. Bustani ile haikumalizika siku hiyo.

Ilikuwa santuri, ya zamani kabisa, ya kuzungusha kwa mkono. Mzee alikuwa na sahani za muziki zaidi ya mia, karibu zote za mtunzi mmoja wa Kijerumani aliyeandika opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa mwanzo hadi mwisho. Baba yake alizinunua moja moja kutoka kwa mabaharia bandarini. Nilimuuliza mtu huyo alikuwa nani. Aliniambia, na Ijumaa zilizofuata akaendelea kuniambia, hadi majirani wakaanza kulalamikia majani.

Mtunzi huyo aliacha shule akiwa mdogo, kama mimi niliyeishia darasa la sita. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukaa ndani ya tundu chini ya jukwaa na kuwanong'oneza waimbaji maneno wakisahau. Humo chini ndimo alimojifunza opera, akitazama viatu vyao. Alihama miji kumi au zaidi. Opera yake ikizomewa huku, yeye kesho yuko kwingine na nyingine mpya. Alipopata sifa alikuwa ameshazeeka, na alipokufa watu walikuwa wameanza kupenda mambo mengine.

Mimi nilimpenda bila hata kuujua muziki wake vizuri. Mzee alilijua hilo na alinitania. Aliniita Profesa. "Profesa, leo utanikatia majani au utanifanyia mtihani?" Mimi nilimwita Mzee, na neno hilo lilimfurahisha, akawa anajiita hivyo hata kwenye simu.

Alinieleza pia jinsi sahani zile zilivyotengenezwa, wakati maikrofoni hazijatumika. Mwimbaji alisimama mbele ya faneli kubwa ya bati na kuimbia ndani yake. Akifika sauti ya juu, mtu alimvuta nyuma kwa mabega ili asiharibu kazi. Fidla hazikusikika vizuri, kwa hiyo walizifunga tarumbeta ndogo. Na kwa kuwa sahani ilibeba dakika chache tu, wimbo mrefu ulikatwa, au uliimbwa mbiombio kama mtu anayewahi basi.

Sahani moja ilikaa peke yake, ndani ya kitambaa cha hariri. Katika hiyo mtunzi mwenyewe, mwaka wake wa mwisho, anampigia mwimbaji piano. Wimbo unakwisha, kiti kinalia, halafu mwanamume anakohoa mara moja. Mzee aliamini kwamba kikohozi kile ndicho sauti pekee ya mtu huyo iliyobaki duniani. Aliicheza mara moja tu kwa mwaka, siku ya kuzaliwa ya mtunzi, kwa sababu sindano ya chuma kila ikipita inakula kidogo. Baba yake alifanya vivyo hivyo. Mwaka huo siku ilikuwa iangukie Jumapili, na alinialika nije tusikilize pamoja. Hakuna mtu mwingine aliyealikwa.

Ijumaa ya kabla yake alikwenda kwa daktari wa macho, akaniachia ufunguo nizipanguse zile nyingine. Kitambaa laini, maji kidogo, basi. Nilizimaliza mapema. Nikaifungua hariri. Kwenye mistari ya ndani, karibu na karatasi ya katikati, kulikuwa na alama za vidole zilizoganda, na nikaona nimwandalie zawadi: Jumapili aikute inang'aa.

Jioni nilizoea kumsaidia yule fundi wa simu kusafisha simu zilizoingia maji. Tunatumia spiriti. Spiriti inatoa kila uchafu, haiachi unyevu, na kwetu Albert Park hakuna kifaa ambacho hakijapona kwa spiriti. Kichupa changu kilikuwa kwenye begi. Nililowesha kitambaa nikaanza na zile alama, kuelekea nje.

Kitambaa kikawa cheusi. Nikadhani ni uchafu wa miaka mingi, nikafurahi, nikaongeza. Kisha vidole vikaanza kunata. Nilipoiinua kwenye mwanga, mistari ya ndani, ile ya mwisho wa wimbo penye kikohozi, ilikuwa imelainika ikawa kitu kimoja, kama wino uliomwagikiwa maji. Baadaye nilisoma kwenye simu kwamba sahani hizo hazikutengenezwa kwa plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wanaopatikana India, na kinachouyeyusha utomvu huo ni spiriti. Maseremala wanalijua hilo. Mzee naye bila shaka alilijua. Ningemuuliza, mimi niliyemuuliza kila kitu, angeniambia.

Niliirudisha kwenye hariri, nikaikunja kama nilivyoikuta, nikaondoka kabla hajarudi.

Ndiyo maana Jumamosi ile nilikuwa barabarani na begi. Miguu ilinipeleka stendi ya taxi, daladala za huko, nikapanda ya Westville. Nilijiambia nitamweleza. Angeikuta mwenyewe kesho yake, kwa masikio, akisubiri kikohozi; afadhali aambiwe kwanza na mimi. Niliteremka, nikatembea chini ya miti, mtu pekee asiye na gari katika mtaa mzima, na kwenye kona yake nikasimama.

Alikuwa barazani anafagia. Alipomaliza akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka. Akarudi tena, akatoka na kiti cha pili. Akavitazama, akakisogeza kimoja kidogo ili kielekee dirishani.

Ningeweza kulifungua lango. Halikufungwa kwa kufuli. Mpaka leo sijalifungua tena.

Niligeuka, nikarudi mjini, nikashuka katikati na kuendelea kwa miguu, nikisubiri kila robot, taa ya barabarani, iwe kijani ingawa hakukuwa na magari, kwa kuwa sikuwa na haraka ya kufika popote. Hivyo ndivyo nilivyofika Point, karibu na bandari, upande ambao kwa miaka mitatu Durban sikuwahi kulala. Kwenye mlango wa jengo moja la zamani kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa Kiswahili: chumba kipo. Ghorofa ya pili nilimkuta mama wa Kitanzania anachambua mchele. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Chumba kipo. Lakini nipe namba ya mtu anayekujua, nimpigie. Siku hizi siingizi mtu hivi hivi."

Nilimpa ya fundi. Haikupatikana. Akataka nyingine, mtu mzima ikiwezekana, na sikuwa na namba nyingine ya mtu mzima katika nchi hiyo. Nikamsomea ya mzee. Aliweka spika na kumuuliza kwa Kiingereza kama ananijua.

"Namjua sana," mzee akasema. "Maswali yake yatakuchosha. Lakini huyo mwachie ufunguo wa nyumba yako, ulale usingizi." Akakohoa kidogo, akacheka. "Yuko hapo? Nataka kumwambia kesho asichelewe."

Mama akaninyooshea simu. Nikaitazama. Nikatikisa kichwa.

Alimwambia nimeshuka chini kufuata mzigo, wakaagana vizuri. Halafu akanikazia macho.

"Mtu anakusifu namna hii na wewe unamkimbia?"

Alichomoa ufunguo kwenye mkufu wake wa funguo, akanipa, akanionyesha mlango wa mwisho kushoto. Chumba kilikuwa na kitanda na dirisha linalotazama ukuta. Niliketi, nikaizima simu.