Mwanamke Aliyekata Utepe wa Serikali

Siku ya kwanza Polikarp kumtia machoni Atuganile, alimmwagia ndoo ya maji.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba ya Bibi Kristiana, ubao begani, akamwona mwanamke mgeni aliyevaa sketi ya ofisi amelala kifudifudi kando ya kinu. Wanawake wawili waliendelea kutwanga juu ya kichwa chake kana kwamba hakuna lililotokea. Mtu mwingine angeuliza kuna nini. Polikarp alikuwa seremala wa kijiji, umri wake miaka arobaini na miwili, na kuuliza ndicho kitu kilichokuwa kimemshinda tangu alipoishia darasa la nne. Alisafisha koo, kama alivyofanya kila alipotaka kusema, na kama kawaida neno halikufuata. Basi, akidhani amezimia, akatua ubao, akachota maji, akamwaga.

Mwanamke aliketi. Maji yalimtiririka usoni. Mkononi alikuwa na kipaza sauti, na waya wake uliingia kwenye sanduku la mbao lililokuwa limelowa vilevile.

"Kinu kilikuwa kinalia vizuri sana," alisema. "Sasa ndani yake kuna ndoo."

Wanawake wa kinuni walicheka mpaka michi ikawaponyoka. "Dada, huyo ndiye fundi wetu," mmoja alisema. "Hiyo ndiyo hodi yake."

Sanduku lilikuwa kinasa sauti cha serikali, na kwa bahati mashine yenyewe haikudhurika ila mbao zilivimba. Polikarp alilichukua bila kusema, akalitengeneza kwa mninga, akalirudisha likiwa zuri kuliko mwanzo. Ndivyo walivyojuana.

Atuganile alikuwa mtu wa Tukuyu, msaidizi wa Afisa Utamaduni pale Sumbawanga mjini. Mwaka huo wa sabini na tano watu walikuwa wamekwisha kuhamia vijiji vya Ujamaa, na kazi aliyopewa ilikuwa kuzunguka vijijini kunasa kwaya. Alizinasa zote. Baada ya kwaya ya kumi na tisa aliona zote zinashukuru vitu vilevile kwa mpangilio uleule, akaanza kugeuzia kipaza sauti pembeni: majembe yakipiga matuta, nyundo ya mhunzi, mlango wa ghala usiopakwa mafuta. Kisha alichukua wembe, akaukata utepe wa sauti vipande vipande, akaviunga kwa gundi apendavyo, mchi ukafuatwa na jembe, jembe likafuatwa na nyundo. Ikawa ngoma, na hapakuwa na mpigaji.

Kila alipokuja kijijini alifikia kwenye karakana ya Polikarp. Alikuwa amegundua kwamba ukiunga kichwa cha utepe na mkia wake, sauti inazunguka na kurudi bila kukoma. Lakini utepe huo mrefu ulihitaji kitu cha kuzungukia nje ya mashine, hatua mbili mbele yake. Polikarp alichonga gurudumu dogo la mti kwenye mpini, akasimama akiushika, utepe ukapita. Alipenda kazi ile. Kazi yote ilikuwa kusimama, wala hapakuwa na haja ya kumwambia mtu chochote.

Kilichomtesa ni kimoja. Atuganile alitaka kunasa sauti yake.

"Neno moja tu, fundi. Sema 'haya'."

Polikarp alinyoosha kidole kwenye taa nyekundu ya mashine, akatikisa kichwa.

"Imezimwa," Atuganile alisema. Haikuwa imezimwa. Kwa njia hiyo alinasa randa yake, msumeno wake, na mara nane akanasa koo lake likisafishwa. Neno hakulipata.

Mwaka uliofuata, kabla ya Sabasaba, mkuu wake Atuganile aligundua habari za wembe. Aliitwa Ndugu Leonsi, Mfipa wa hapo hapo, mtu wa vitabu na mihuri. Alikuta chini ya meza ya Atuganile kikapu kimejaa vipande vya utepe.

"Hii ni mali ya umma," alisema. "Umeikata kama matembele."

"Nimeikata nikaiunga, Ndugu."

"Ng'ombe wa kijiji ukimkata ukamuunga, bado ni ng'ombe?"

Leonsi aliamua: siku ya Sabasaba, mbele ya mgeni rasmi, Atuganile aonyeshe faida ya vipande vile. Kama haipo, kinasa sauti kitafungiwa kabatini na yeye atahamia kwenye mashine ya kuchapa barua. Atuganile alitembea kwa miguu kwenda kijijini siku hiyohiyo. Alimkuta Polikarp akipiga randa.

"Wakinipokonya ile mashine, fundi, nitaandika barua za vikao mpaka nizeeke," alisema. "Na hakuna mwingine anayeweza kushika lile gurudumu. Utasimama?"

Mbele ya wilaya nzima. Polikarp aliendelea kupiga randa kwa muda mrefu, ubao ukabaki mwembamba usiofaa tena. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Utepe aliouandaa Atuganile ulikuwa na mchi, jembe na randa, na mwishoni sauti ya Bibi Kristiana akitoa salamu ndefu ya Kifipa ya asubuhi. Aliichagua kwa sababu ilipanda na kushuka vizuri. Kifipa alikuwa hakijui. Polikarp alipoisikia ikizunguka alishtuka. Kwao, mzee akikujulia hali unachutama na kupiga makofi ya taratibu mpaka amalize. Kumwacha bila kumwitikia ni jambo ambalo hata mlevi hafanyi. Na huyu bibi angesalimu, amalize, arudi asalimu tena.

Polikarp alisafisha koo ili amweleze.

"Unasemaje?" Atuganile aliuliza.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Polikarp alichukua randa akarudi kwenye ubao wake.

Sabasaba upepo wa baridi ulivuma uwanjani. Kinasa sauti kiliwekwa mezani, kikaunganishwa na spika ya tarumbeta iliyokuwa juu ya nguzo. Polikarp alisimama hatua mbili mbele, ameshika gurudumu lake, macho yakiangalia viatu. Mchi ulitwanga, jembe likapiga, randa ikapita. Kisha sauti ya Bibi Kristiana ikashuka kutoka juu, kubwa kuliko alivyowahi kuwa nayo, ikiwajulia hali watu wote wa Sumbawanga.

Uwanja mzima ulichutama ukapiga makofi.

Mchi, jembe, randa. Watu walianza kuinuka. Salamu. Wakachutama tena, makofi.

Katika duru ya tatu Leonsi alisimama kwenye jukwaa. "Zimeni!" Alishuka, akapiga hatua tano kuelekea mezani. Lakini Bibi Kristiana alikuwa mama mkwe wake. Salamu ilipomfikia alianguka chini kama aliyekatwa miguu, akapiga makofi, macho chini. Mchi, jembe, randa. Aliinuka, akapiga hatua tano nyingine. Salamu. Aliuvuka uwanja hivyo hivyo, hatua tano tano.

Mtu mmoja tu hakuchutama. Polikarp angepinda magoti utepe ungelegea, na mikono yake ilikuwa na gurudumu. Alisimama wima kama nguzo mbele ya salamu ya mzee.

"We fundi, umefundishwa na nani?" mama mmoja alimfokea. "Huoni unasalimiwa?"

Mikono ilianza kumtetemeka, na sauti ya Bibi Kristiana nayo ikatetemeka. Watu walidhani ameguswa na mapokezi, wakaongeza makofi. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele, amejifunika blanketi, akiwapokea kwa kichwa bila haraka. Kufikia duru ya kumi makofi yalikuwa yamelingana na mchi na jembe, watu elfu mbili kwa mpigo mmoja, na kwaya moja ikashindwa kujizuia ikaanza kuimba juu yake.

Mgeni rasmi aliteremka, akamkuta Leonsi amechutama katikati ya njia.

"Ndugu, hii ni ngoma gani?"

Leonsi aliangalia vumbi kwenye suruali yake. "Ni ngoma ya salamu, Ndugu Mgeni Rasmi," alisema. "Ofisi yangu ndiyo iliyoiandaa."

Basi mashine haikufungiwa. Baada ya wiki tatu ilikuja barua kutoka makao makuu: Ndugu Atuganile ahamie Dar es Salaam pamoja na kinasa sauti chake, akawafundishe wengine kukata utepe. Leonsi aligonga muhuri.

Polikarp kwanza alikwenda kwa Bibi Kristiana, akachutama, akapiga makofi mengi kufidia yale aliyomnyima uwanjani. Kisha akashika njia ya mjini, gurudumu la mti mfukoni.

Basi lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Atuganile alikaa dirishani, sanduku la mninga mapajani. Polikarp alimpa gurudumu. Alibaki ameshika ukingo wa dirisha, akasafisha koo mara moja, akasafisha mara ya pili. Utingo akapiga bodi.

Atuganile alifungua sanduku, akatoa betri moja baada ya nyingine, akamwonyesha zote kwenye kiganja.

"Sema basi, Polikarp," alisema. "Safari hii imezimwa kweli."