Soksi Zilizorudi na Uzi Wake

Naandika haya huku nafuma. Sigara nimeshazitoa zote kwenye pakiti, mkate nimeukata, biskuti nimezivunja vipande. Bila hivyo askari wa rumande hawapokei. Zimebaki soksi.

Usicheke. Soksi ndizo zilizoniambia kwamba mdogo wangu hayupo mahali walipoapa kuwa yupo.

Mdogo wangu anaitwa Filimon. Alikuwa mlinzi wa kiwanda cha sukari katika mji wetu, kaskazini mwa Moldova. Nyaya za shaba zikaibwa kiwandani, wakamchukua yeye.

Kesi haijasikilizwa hadi leo. Kila mwezi hakimu anaongeza mwezi mwingine wa rumande, nasi tunarudi nyumbani.

Mpelelezi aliwahi kuniita pembeni.

"Mwambie akiri, dada. Akikiri mbele ya hakimu, yamekwisha."

"Akikiri anafungwa miaka saba."

"Asipokiri atazeekea hapo hapo. Chagueni."

Filimon alikataa. "Siwezi kusema nimeiba kitu ambacho sikukigusa," aliniambia.

Basi kila Jumanne napanga foleni kwenye ukuta wa rumande. Unapeleka furushi safi, dirishani wanakurudishia furushi la nguo chafu. Ndiyo salamu yetu. Nguo zikiwa chafu, ujue mtu wako yu hai.

Mimi hushikiza kila jozi ya soksi kwa mshono mmoja wa uzi, zisipotezane. Marehemu mama alifanya hivyo. Filimon huukata kwa meno ndipo avae.

Jumanne moja, Januari, nikafungua furushi lililorudi. Shati limekunjwa vile vile nilivyolikunja. Soksi zina uzi wangu.

Nikazinusa. Sabuni tupu.

Humo ndani kuta zinaota barafu. Nani anakaa bila soksi?

Wiki iliyofuata, vile vile.

Nikamuuliza askari wa dirishani. "Ndugu yangu yuko wapi?"

"Furushi si limepokelewa?"

"Limepokelewa."

"Basi yupo. Au unataka nikubebe mgongoni ukamwone? Anayefuata!"

Nyuma yangu alikuwepo Zinaida, ambaye mwanawe yuko ndani mwaka wa pili sasa. Akanivuta koti.

"Wamemrudisha kituo cha polisi, Agafia. Huko ndiko wanakowalainisha."

"Sheria si inakataza?"

"Inakataza. Lakini nani anakwenda kuangalia?"

Nikamwendea wakili tuliyepewa na serikali. Akacheka. "Mama, nikamweleze hakimu habari za soksi?"

Siku ya mahakama nikazitia mfukoni mwenyewe.

Filimon akaingizwa kwenye kizimba cha vyuma. Sikumtambua mara moja. Alitembea kama aliyebeba kitu kizito kifuani. Hakuniangalia hata kidogo.

Mwendesha mashtaka akasema, "Mshtakiwa hajatolewa rumande hata siku moja. Na leo yuko tayari kukiri."

Nikasimama.

"Mheshimiwa, kama hajatolewa, mbona hajavaa hizi?"

Nikazinyanyua. Jozi mbili, na uzi wake.

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Mama, hapa ni mahakamani, si kwa dobi. Kaa chini au utoke."

Nikakaa. Nikajua ndiyo nimeshamzika mdogo wangu.

Ila Filimon alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa anazitazama soksi.

"Dada," akasema. "Kumbe ulikuwa unaleta?"

"Kila Jumanne."

"Waliniambia umenichoka. Eti umeacha kuja."

"Kimya!" hakimu akafoka. Kisha akauliza swali lake. Mshtakiwa anakiri au hakiri?

Nikashika benchi kwa mikono miwili.

"Sikuiba," Filimon akasema. "Karatasi ya kukiri nilisaini kwa kipigo, kituo cha polisi. Niitieni daktari aone mbavu zangu."

Hakimu akaandika bila kuinua macho. Daktari ataletwa. Rumande, mwezi mwingine.

Huo ndio ushindi wetu.

Alipokwisha kurudishwa rumande niliruhusiwa kumwona, kioo katikati, simu sikioni.

"Ulitumia akili," nikamwambia. "Kurudisha soksi bila kukata uzi."

"Si mimi, dada. Mimi sikuwepo."

"Ni nani basi?"

"Mzee Tihon, wa kitanda cha chini. Furushi lilipoletwa, wakaita jina langu mlangoni, aliitikia yeye. Chakula walikula wote chumbani, hakunificha. Soksi akazirudisha."

"Kwa nini asivae?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, aliyezishona ataona. Ana kandambili tu, dada. Vidole viwili vimeshakuwa vyeusi."

Wewe uliye na mtu ndani, usilale usingizi kwa sababu furushi limepokelewa. Chunguza kinachorudi. Kinuse, kigeuze. Na hata ukijua furushi halimfikii, peleka. Kuna mtu anamwambia kwamba umemsahau.

Daktari hajaletwa mpaka leo.

Jozi ya Filimon nimeshaishikiza uzi. Hii ninayofuma ni ya mzee Tihon, sufu nene, pana mbele kwa ajili ya vidole. Mguu wa pili nimefika kisigino na macho yamegoma. Nitaendelea kesho nikiwa kwenye foleni.

Yake sitaishikiza. Avae tu.