Mshauri wa Kikundi cha Baba

Nilipofungua ofisi mjini, mtaa wa Mazwi, chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya pikipiki, kila aliyepita aliuliza ninauza nini. Nikijibu ushauri, walichungulia nyuma yangu kama vile bidhaa nimeificha. Mwenye nyumba, mzee wa Kiislamu ambaye malori yake hayakauki njia ya mpakani Kasesya, alipandisha miwani akanitazama vizuri. "Ushauri tu, binti yangu? Hata soda huna?"

Nilikasirika, ingawa nilicheka. Nilikuwa nimetoka kwenye mradi uliofungwa, nimezunguka vijiji vya Ufipa kwa miaka nikiwashauri watu kwa mshahara wa wenye mradi. Sasa nilitaka kujua kama kuna atakayenifuata mimi mwenyewe. Wiki za mwanzo nilishauriana na nzi.

Mteja wa kwanza wa maana alikuwa kikundi cha wakulima kutoka kijijini kwetu. Mwenyekiti wake ni baba yangu mzazi.

Walitaka mkopo wa benki wanunue mashine ya kukamua alizeti. Dhamana ingekuwa hatimiliki za kimila za mashamba yao, kila kaya na ya kwake, na benki ilisema kwanza aje mshauri apime kama mashine italipa. Baba alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayegawa pipi. "Mama, kazi hiyo hapo!" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Kichwani mwake nilikuwa nimeshasema ndiyo, mashine imeshafungwa, mafuta yanachuruzika.

Nikamwambia, "Baba, nikikuta haifai nitasema haifai. Na majibu nitayatoa mbele ya wanachama wote kwa pamoja."

"Sema tu," akacheka. "Si ndiyo kazi yako?"

Hili la kusema mbele ya wote sikulitoa hewani. Wakati wa mradi niliona mwenyekiti mmoja akidokezwa majibu mapema. Mpaka mkutano unafika, maneno ya mtaalamu yalikuwa yameshapikwa upya, na wanakikundi wakala walichopakuliwa. Nilijiapia kwamba siku nikiwa na ofisi yangu, mteja wangu atakuwa kikundi, si mtu. Ni rahisi kuapa hivyo kama mwenyekiti si baba yako.

Kwenye mkutano wa kwanza kila kaya ilitaja shamba lake la alizeti, tena kwa sauti. Baba alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Mimi nikaomba nionyeshwe mashamba hayo, nyumba kwa nyumba. Kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni, upepo unapasua midomo, na wanawake ndio walionitembeza. Kila tuliposimama nilikuta matuta ya duara, yale tunayoyaita ntumba, ambamo nyasi hufukiwa mvua zikikaribia kuisha. Mtoto wa Ufipa hahitaji kuelezwa. Matuta hayo yakishatoa maharage yake, mvua mpya ikinyesha hutawanywa, na pale panapandwa ulezi.

"Alizeti mtalima wapi?" niliuliza.

"Si hapa hapa?"

"Na ulezi?"

Mmoja wao akachekea pembeni. "Aa, dada, hapa ni pa ulezi. Kule mkutanoni tulimwitikia mwenyekiti."

Nyumba baada ya nyumba, jibu lile lile. Hakuna aliyekuwa tayari kuacha ugali wa ulezi, wala kimea cha pombe ya harusi na ya msiba. Kwetu kumpinga mwenyekiti mbele ya watu ni kukosa adabu. Unamwitikia, anafurahi, kisha unakwenda kulima ulezi wako, na hakuna anayeona kwamba amedanganya. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Lakini benki haijalelewa hivyo. Mashine ingekaa bila mbegu za kukamua, mkopo ungedai, na adabu yote ile ingeishia kwenye kupoteza mashamba.

Shamba la mwisho lilikuwa la kwetu. Mama alisimama katikati ya matuta yake, mikono kiunoni. "Baba yako anaota mashine. Mimi nalima ulezi. Usimwambie kwamba nimesema."

Usiku ule nililala nyumbani, na uliofuata pia. Mezani baba aliuliza kazi inakwendaje. Nikasema inakwenda. "Tutakamua lini?" akauliza, akinisogezea kitoweo. Nikameza tonge bila kulitafuna. Mama alikuwa anaangalia sahani yake. Nilimkasirikia baba kwa kuota, nikamkasirikia mama kwa kunyamaza, na mimi mwenyewe nilikuwa nafanya kama mama.

Jumapili, baada ya Misa, tulikusanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Wanaume walijibana kwenye madawati ya watoto, wanawake wengi wakaketi kwenye mikeka ukutani. Baba alikaa meza ya mwalimu, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote. "Tumkaribishe mshauri wetu," alisema, na aliliburuta lile neno mshauri ili kila mtu alionje.

Nikasimama. Nilisema nimetembelea kaya zote, nimeona mashamba yote, na alizeti itakayopatikana haitailisha mashine hata msimu mmoja. Nikasema ushauri wangu ni kwamba wasiweke hati zao benki.

Tabasamu la baba lilibaki pale pale usoni, ila halikuwa tena na mwenyewe.

"Mashamba yalitajwa hapa," alisema polepole. "Na wenye mashamba wenyewe. Nani amekwambia halimi alizeti?"

"Mwenyekiti, niliyoambiwa nyumbani kwa watu sitayataja kwa majina."

"Taja mmoja."

"Siwezi."

"Mmoja tu! Au mshauri amejitungia?"

Niliutazama ubao, kwa sababu popote pengine ningemwona mama. Nilijua baba anachokifanya: ananipa nafasi ya kurudi nyuma bila aibu. Ningesema labda nipime tena, na angenipokea kwa mikono miwili, na mashamba yangekwenda benki. Niliogopa, nasema wazi, na sijawahi kumwogopa baba vile hata utotoni.

"Ni mimi," mama akasema kutoka kwenye mkeka.

Hakusimama hata. "Shamba lile ni la ulezi, baba. Mwaka huu ni zamu ya ulezi. Nilikuitikia tu."

Baba hakugeuka. Mwanamke mwingine akasema na la kwake ni la ulezi, na mwingine, kisha wanaume nao wakaanza kunung'unika kwamba wao pia, kwa kweli, walikuwa wanafikiria. Darasa likageuka soko. Baba aligonga meza.

"Tupige kura. Wanaotaka tuendelee na mkopo, wanyooshe mikono."

Akanyoosha wa kwake. Akasubiri. Katibu aliangaza macho huku na huku, akakohoa, akaandika. Mkono wa baba ulikaa juu peke yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hati zilibaki kwenye masanduku ya wenyewe. Kazi ile ndiyo iliyoniletea nyingine, maana habari zilisambaa kwamba pale Mazwi kuna mwanamke asiyemwonea haya hata baba yake. Wanaolisema hilo hudhani wananisifu. Leo hii ningetoa majibu yale yale, mbele ya watu wale wale, bila kumdokeza mtu mapema. Lakini iliniuma, na bado inauma.

Mkutano ulipokwisha baba alinipokonya begi, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Mtoto wa nyumbani habebewi begi. Nilimwambia, "Baba, lete, nitabeba." Akalikaza mkononi. Tulitembea bega kwa bega, akisalimiana na watu, na wadogo wakimwamkia shikamoo, naye akiitikia vizuri kabisa. Bodaboda ikasimama. Akaliweka begi mbele ya dereva, akalikagua lisianguke, akarudi hatua moja nyuma, akanipa mkono kama wanavyopewa wageni waliotoka wilayani.

"Kijana," alimwambia dereva, "mfikishe mshauri mjini. Uendeshe taratibu."