Karavani Iliyoinamisha Pua

Fundi bomba mmoja, waliyempa jina la Kiguu na Njia kwa kuwa hatulii, alikuwa na karavani kuukuu uani, kile kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari. Mkewe alikubali waondoke nayo kesho asubuhi, ila bafu liwe linafanya kazi. Basi jamaa akang'oa tangi la maji machafu lililopasuka, akafunga jipya, akaunganisha mabomba mbiombio, akamwaga ndoo ya maji bafuni. Yakashuka shwaa!

"Mama watoto, funga mizigo!"

Mkewe akaja, akachungulia magurudumu. "Baba, mbona imeinamisha pua? Hukuipiga jeki kwanza?"

Jamaa akaipiga jeki mpaka sakafu ikakaa sawa, akamwaga ndoo nyingine. Maji yakasita bombani, yakarudi, yakamlowesha viatu. Mteremko wote wa mabomba aliupima karavani ikiwa imeinama.

"Tutaondoka hivyo hivyo. Tutajibana bila bafu."

"Jibane wewe. Mimi na watoto tunabaki."

Akaizunguka karavani mara tatu, miguu inamwasha kwa hamu ya kuondoka. Mwishowe akachukua msumeno, akajilaza chini, akaanza kukata mabomba ambayo hata gundi yake haijakauka.

"Keshokutwa, basi," akaguna.

"Keshokutwa napanda," akasema mkewe, akainama kumshikia bomba.