Sampuli ya Siku ya Tatu

Kwa miezi kumi na mmoja Wilkista Nasimiyu hakuwa amekosa sampuli hata moja. Jambo hilo lilitajwa mbele ya watu katika kikao cha Jumatatu, na aliyelitaja ni Daktari Kipkosgei, mkuu wa utafiti, mtu ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu.

"Angalieni daftari la Wilkista," alisema. "Hakuna pengo."

Wenzake wakapiga makofi. Wilkista akainama kama mtu mwenye haya, lakini moyoni alikuwa amejaa tele. Usiku huo alimpigia simu mama yake kule Bokoli kumweleza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika hospitali moja ya Kitale, kila mtu mzima aliyelazwa kwa mafua makali aliombwa ruhusa, kisha Wilkista au mwenzake akamchukua ute wa koo kwa kijiti cha pamba mara tatu: siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Maabara ilikuwa ikitafuta ni bakteria gani wanaoishi kwenye njia yake ya hewa. Daktari Kipkosgei alikuwa amewaeleza siku ya mafunzo kwamba kirusi huingia na kuchubua ngozi laini ya ndani, ndipo bakteria waliokuwa wametulia puani au kooni miaka yote wanapata mwanya wa kushuka mapafuni. Ndiyo maana wagonjwa wawili wanaweza kuingia na kirusi kilekile, siku ileile, mmoja akaruhusiwa baada ya siku nne na mwingine akaishia kwenye oksijeni. Utafiti ulitaka kujua kama koo lingeweza kumtaja mapema yule atakayezidiwa. Majibu yalitoka baada ya siku mbili, na kwa makubaliano nakala yake ilipelekwa pia kwa daktari wa wodi, endapo ingemsaidia mgonjwa.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, alilazwa Mzee Gicheru. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, mkulima wa mahindi kutoka nje kidogo ya Kitale, mjane. Binti yake Beth, mwalimu wa shule ya msingi mjini Bungoma, alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kumuuguza. Siku ya kwanza mzee alifungua mdomo bila taabu, akakohoa, akafuta machozi, akasema, "Mama, hicho kijiti chako kimefika mpaka kwa tumbo." Wilkista akacheka. Akampenda hapohapo.

Siku ya tatu Wilkista alichelewa. Baadaye, kila alipojaribu kujitetea mbele ya nafsi yake, alitamani ingekuwa ni mvua, au mtoto mgonjwa, au jambo lolote lenye uzito. Haikuwa hivyo. Alikuwa kwenye kantini ya hospitali akinywa chai na Lorraine, rafiki yake wa idara ya rekodi, aliyekuwa akimsimulia jinsi alivyochumbiwa. Hadithi ilikuwa tamu. Alipotazama saa, gari la kubeba sampuli lilikuwa limebakiza robo saa liondoke.

Alikimbia wodini. Mzee Gicheru alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo. Beth akanyanyua mkono.

"Tafadhali dada. Amekohoa mpaka asubuhi. Ndio amepata lepe sasa hivi. Huwezi kungoja kidogo?"

"Sawa Mwalimu," Wilkista akasema. "Nitarudi."

Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuandika kwamba sampuli haikupatikana, na sababu. Ungekuwa mstari mmoja tu. Lakini lingekuwa pengo, pengo la kwanza katika daftari lililopigiwa makofi. Wilkista alitembea hadi choo cha wafanyakazi, akafunga mlango kwa komeo, akasimama mbele ya kioo, akafungua mdomo wake mwenyewe. Alikisugua kijiti kooni mwake, akakitia kwenye kichupa, akabandika namba ya Mzee Gicheru. Saa tatu kamili dereva aliondoka nacho.

Alijiambia kwamba ni sampuli moja kati ya mamia. Hakuna mtu atakayedhurika kwa sampuli moja.

Siku mbili baadaye majibu yalirudi: koo la mtu mwenye afya, bakteria wa kawaida tu. Homa ya mzee ilikuwa imeanza kushuka. Daktari wa wodi, kijana mwenye wagonjwa arobaini mikononi, alisoma karatasi ile, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kwenye faili kwamba kilichobaki ni kirusi tu, sindano za kuua bakteria alizokuwa akichomwa tangu alazwe zisimamishwe. Wilkista alilikuta faili mezani kwa wauguzi. Akasoma. Alisoma mara ya pili. Daktari alikuwa hatua sita kutoka kwake, akinawa mikono.

Angesema. Sentensi moja ingetosha. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na choo ndani yake, na kioo, na mdomo wake mwenyewe uliokuwa wazi. Akalifunga faili na kulirudisha mahali pake.

Siku ya saba alikuta kitanda kimezungushiwa pazia. Muuguzi Chepchumba alikuwa akimwinua mzee akae, na mzee alikuwa akivuta pumzi kwa mabega, midomo imegeuka rangi. Beth alikuwa amesimama pembeni ameshika shuka kwa mikono miwili. Wilkista alichukua sampuli, safari hii ya kweli. Mchana mzee alihamishiwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Maabara ilipojibu, koo lake lilikuwa limefurika bakteria wa nimonia.

Alikaa siku kumi na tisa akipumulia oksijeni. Hakufa. Siku ya kuruhusiwa, akitolewa nje kwa kiti cha magurudumu, alimwona Wilkista kwenye korido, akainua mkono wake uliokonda.

"Huyu ndiye alikuwa ananiangalia tangu siku ya kwanza," alimwambia Beth kwa sauti ya kukatika. "Mungu akubariki, mama."

Wilkista aliitikia amina. 

Pengine angenyamaza hata baada ya hapo, na mwenyewe alikuja kukiri hivyo. Kilichomshinda ni kikao cha mwezi wa tisa. Daktari Kipkosgei alionyesha ukutani mstari wa majibu ya mgonjwa mmoja: siku ya kwanza bakteria wachache wabaya, siku ya tatu hakuna hata mmoja, siku ya saba wamejaa.

"Hili linanishangaza," alisema, macho yakimng'aa. "Wanajificha halafu wanarudi kwa nguvu. Tukiwapata wengine kama huyu, itabidi tuwaambie madaktari wasiamini sampuli safi ya siku ya tatu. Hii ni habari kubwa."

Wilkista alibaki kitini wenzake walipotoka.

"Daktari, hawakujificha," alisema. "Ile ya siku ya tatu ni koo langu."

Daktari hakufoka. Aliketi. Aliuliza wapi, saa ngapi, kwa nini, na alipoambiwa kuhusu chai alifumba macho. Wilkista akauliza, "Ni mimi niliyemfanya azidiwe?"

"Sijui. Pengine angezidiwa hata na dawa. Wengine wanazidiwa." Daktari akakusanya karatasi zake. "Hatutajua kamwe, Wilkista. Wewe ndiwe uliyehakikisha hatutajua."

Wilkista aliandika barua ya kuacha kazi siku hiyo. Sampuli zote alizochukua kwa miezi ile ziliwekwa kando hadi zikaguliwe upya, kazi ya wenzake pia ikasimama, na waliompigia makofi walipita bila kumtazama. Wilkista alirudi Bokoli. Mama yake alipouliza, alisema mkataba umeisha.

Wiki ya tatu alifunga safari hadi Bungoma, ambako Mzee Gicheru sasa aliishi kwa Beth. Nyumba ilikuwa nyuma ya shule. Beth alimfungulia, akamtazama muda, akampisha aingie bila salamu. Mzee alikuwa kwenye kochi, blanketi magotini. Hatua za kutoka pale hadi dirishani zilimchosha sasa. Mashamba yake yalikuwa yakilimwa na mpwa wake.

"Keti, mama," alisema. "Beth, leta chai."

Wilkista hakuigusa chai. Alieleza yote: Lorraine, gari, choo, faili. Alieleza kwa Kiswahili kibovu cha mtu anayelia huku hataki kulia. Beth alisimama mlangoni wakati wote.

Alipomaliza, mzee alipumua mara kadhaa kabla ya kusema.

"Ulijua nitaumia?"

"Hapana, Mzee."

"Ulijua nini?"

"Nilijua gari litaondoka saa tatu."

Mzee aliitazama mikono yake. "Mimi nilikuwa nimelala tu," akasema taratibu. "Si ungeniamsha? Ningefungua mdomo."

 Wilkista alingoja atukanwe, na tusi halikuja, akaona hana pa kuweka macho. Mwishowe akainuka, akaomba radhi kwa maneno ambayo hata yeye aliyasikia ni madogo, akatoka.

Beth alimsindikiza hadi getini.

"Daktari wenu alikuja Jumatatu iliyopita," alisema. "Alitueleza yote. Baba anajua tangu siku hiyo."

Wilkista akasimama. "Na akaniacha niseme?"

"Alisema ukija, tusikukatize. Tukuache umalize mwenyewe." Beth alishika geti. "Mimi ningekufukuza. Na sasa usirudi tena, dada. Akitaka kukuona, nitakupigia."

Hajapigiwa. Siku hizi Wilkista anafanya usafi kwenye zahanati ndogo ya misheni huko Ndalu. Kabla ya kuajiriwa alimweleza mkuu wake yaliyotokea, na mama yake pia ameshaambiwa. Msimu wa baridi ukifika, benchi linajaa watu wanaokohoa. Yeye hupiga deki kati ya miguu yao, na wakimsalimu huitikia bila kuwatazama usoni.