Sumaku ya Nelima Iliyokufa

Kule mtaa wa Kongo, Kawangware, Nelima alinunua vyuma kuukuu, na kwa ukali wake hata paka walizunguka mbali na mizani yake. Alikuwa na sumaku iliyofungwa kamba. Alivyoisifu yeye, siku moja ilimvuta pasta kinyumenyume kutoka Riruta Satellite, kwa sababu ya misumari ya viatu. Kinachoshikwa ni chuma, kinaenda kwenye rundo la kutu. Kisichoshikwa, kama ni cheupe, ni alumini, kinaenda kwa Omolo, fundi anayeiyeyusha na kuimimina iwe sufuria kule Kambi Muru, Kibera.

Nelima na Omolo walichukiana. Lakini nani mwingine angenunua alumini yote ile?

Asubuhi moja Omolo akaja na gunia, akalimwaga mbele ya wauzaji waliokuwa kwenye foleni. Nati na vipande vilivyopakwa rangi ya fedha. Alisema vimekataa kuyeyuka. Nati moja ilijificha kwenye ukuta wa sufuria aliyoimimina kwa ajili ya matanga. Ugali uliposongwa ikang'oka, maji yakavuja yakazima moto, na waombolezaji wakaacha kumlilia marehemu wakaanza kumtukana Omolo.

"Moto wako ni mvivu kama mwenyewe," Nelima akamwambia.

"Mama Wanzala," Omolo akamwita kwa jina la mwanawe, "leta hiyo sumaku."

Nelima akaitoa kwa madaha juu ya jiko, alikoitundika msimu mzima wa mvua isipate kutu. Akaishusha kwenye nati. Ikapita kama mgeni asiyetaka kusalimia. Akaijaribu kwenye msumari mtupu, wenye kutu. Bure.

Omolo akatazama jiko, akatazama kamba iliyoungua. "Umeipika kwa joto la jiko mpaka ikafa. Umekuwa ukinipimia na jiwe."

Wauzaji waliinua magunia yao, wakavuka barabara kwa Mutuku, mnunuzi mwingine wa vyuma.

Kesho yake Nelima alinunua sumaku nyingine, akasukuma mwenyewe mkokoteni wa alumini mpaka Kambi Muru. Akakaa mlangoni pa Omolo bila hodi wala niaje, akapitisha sumaku juu ya kila kipande, majirani wakitazama. Ulipofika mpini mmoja ikanasa tap! Akautupa kando kabla Omolo hajafungua mdomo. Vilivyobaki Omolo akavichukua, akavitia motoni bila asante.

Mpaka leo ndivyo wanavyouziana. Akeyo, mke wa Omolo, aliwahi kuwaletea chai. Kila mmoja aliinywa akitazama ukuta wake.