Swali Ambalo Afande Hakuja Kuniuliza

Kahawa iliyomenywa ikilala kwenye matangi inatoa harufu chachu, kama pombe iliyomwagikiwa asali mbovu. Mimi nilikulia ndani ya harufu hiyo, kwenye shamba la Mjerumani juu ya Karatu, pale ukungu wa msitu wa Ngorongoro unaposhuka asubuhi mpaka usione ng'ombe wako mwenyewe. Baba alikuwa mlinzi wa matangi. Nilikuwa na miaka kumi, darasa la tatu, na shule yangu iliishia hapo hapo. Asubuhi moja nilikuwa nampelekea uji kama kawaida, nikakutana njiani na mnyapara Baha, suruali imelowa mpaka mapajani. Akaniambia, "Binti, rudi nyumbani. Baba yako amelala." Hakuwa amelala. Walimtoa kwenye tangi jua likiwa bado halijapenya ukungu, na Baha ndiye aliyetangaza kwamba marehemu alilewa akatumbukia. Baba yangu hakuwa akionja hata togwa. Wiki ile ile alikuwa amemwambia mama kwamba Baha anapitisha magunia ya kahawa njia ya msituni, na kwamba Mjerumani akirudi kutoka Arusha atamweleza.

Sasa sisi Wairaqw tulikuwa na metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo kama kile inakaa peke yake kwa miezi. Haingii mtu, haji mtu kuomba moto, nanyi hamchoti maji walipo wenzenu. Tulikuwa Wakristo, ndiyo, ila mwiko huo hata wazee wa kanisa waliushika. Askari alipokuja na Landrova akauliza, "Mke wa marehemu yuko wapi?" Baha akawahi kumjibu, "Kule hakuendwi, afande. Ukiingia utatoka na balaa mpaka kwa watoto wako." Askari akaandika alichoambiwa na Baha, akanywa chai, akaondoka. Mama alikuwa nyuma ya uzio ameinua mkono. Akaushusha mwenyewe. Siilaumu mila, maana ilitungwa na watu walioogopa kifo. Namlaumu aliyejificha nyuma yake.

Miezi ikapita, nasi bado tuko ndani. Ndipo Mjerumani akaleta televisheni na mashine ya video, akaviwasha kwa jenereta ghalani, Jumapili mchana baada ya ibada. Wengi hawakuwa wameiona televisheni maishani. Mimi nilitoroka nyumbani, nikasimama nje, kwenye dirisha la wavu la pembeni, mbali na watu. Ilikuwa filamu ya kwao Ujerumani: mji mdogo wenye mvua, mtu ameuawa, mpelelezi mwenye koti refu anazunguka nyumba hadi nyumba. Mzee Gidioni, mpishi wa Mjerumani, aliyejua lugha yao tangu ujana wake, alitafsiri kila neno. "Anasema hamwamini mwoka mikate." Watu wakashangilia. Mpelelezi alipofika kwa mjane akapangusa viatu mlangoni, na mama mmoja wa kutoka Singida akaangua kicheko: "Polisi gani huyu, anafuta matope mlangoni kwa mwenzake!" Lakini alipoinua mguu kuingia, watu wakajivuta nyuma kwenye mabenchi. "Anaingia nyumba ya msiba!" mtu akanong'ona. Akaingia, akakaa, akainama mbele ya mtoto wa marehemu. Mzee Gidioni akatafsiri: "Anamuuliza, siku ile ulimwona nani?"

Nikaondoka dirishani, nikaingia kwa mlango mkubwa. Watu waliruka mabenchi kunikwepa kama nimebeba moto. Baha alikuwa mstari wa mbele. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia Mjerumani kwa Kiswahili changu cha darasa la tatu: "Nilimwona huyu. Ametoka kwenye tangi, suruali imelowa. Amemuua baba." Baha akasimama. "Mtoto wa metimani ametuchafua wote! Mtoeni!" Mjerumani hakuwa na Kiswahili cha maana. Akamgeukia mpishi wake, akauliza kitu. Nikasema, "Babu Gidioni, mwambie." Mzee akamtazama Baha, halafu akatazama kofia yake mapajani. Akasema neno moja fupi la Kijerumani, na Mjerumani akatabasamu, akanipa peremende. Tulifukuzwa shambani kabla ya mvua. Kosa lililotajwa ni kuvunja mwiko.

Leo Karatu kila nyumba ina televisheni, filamu za namna ile zimeingizwa Kiswahili, na wajukuu zangu wanamtaja muuaji chai haijapoa. Metimani imebaki kwa wachache. Mtu akifa leo, maturubai na viti vinafika kabla ya jeneza. Polisi nimekwenda mara tatu nikiwa mtu mzima. Mara zote wameniuliza ushahidi, na mara zote nimewajibu kwamba ushahidi ni mimi. Baha alikufa mzee, kitandani, kaburi lake lina vigae. Mwanawe alikuja mwaka juzi, akaketi sebuleni kwangu kwa adabu. "Mama, mzee ameshapumzika. Msamehe, uache kumtaja." Nikamwambia, kusamehe nimesamehe kanisani mara nyingi, hilo ni kati yangu na Mungu. Kunyamaza sijakubali. Akauliza nitaendelea mpaka lini. Nikamkaribisha chai, kisha nikamsimulia yote tangu mwanzo, uji, ukungu na suruali ya baba yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsimulia, naye alikuwa na haki ya kujua.